Namna ya Kumtambua Mbikol Anayesema Kibisaya

Ukifanya kazi Ghuba, iwe hotelini, hospitalini au majumbani kwa watu, Wafilipino ndio majirani zako wa kitanda. Wengi wetu huwaweka wote kapu moja: wanasema Kitagalogi, basi. Mimi hapa Muscat nalala chumba kimoja na watatu waliotoka kanda ya Bikol, ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Luzon. Waulize, kila mmoja atajibu kuwa yeye ni Mbikol. Ngoja wapige simu kwao usiku, utasikia lugha tatu.

Wa mji wa Legazpi anasema Kibikol chenyewe. Wa Gubat, mkoa wa Sorsogon, na wa kisiwa cha Masbate ndimi zao ni za Kibisaya, yaani kundi la lugha za visiwa vya katikati ya Ufilipino, jamaa wa Kiwaray cha kisiwa cha Samar na Kihiligaynon. Wapo wanaoziita lugha hizi "Bisakol", na jina lenyewe linaonyesha limeunganishwa na nini. Ukitaka kuzitenganisha kwa sikio, fanya hivi.

Kwanza uliza mji. Mkoa haukusaidii kitu, kwa sababu ndani ya Sorsogon peke yake mpaka umepita katikati. Akitaja Donsol au Pilar, upande wa kaskazini-magharibi, tega sikio la Kibikol. Akitaja Sorsogon mjini, Casiguran au Juban, hiyo ni lugha ya Kibisaya iliyo karibu sana na ya Masbate. Akitaja Gubat, Bulusan, Irosin au Matnog, umeshafika kusini, na lugha yao inaelekea Kiwaray. Si ajabu: kutoka Matnog, feri zinavuka mlango-bahari wa San Bernardino hadi Allen, Samar Kaskazini. Maji yale huwaunganisha watu kuliko yanavyowatenga. Sisi wa Vanga, pwani ya kusini ya Kenya, hatuhitaji kuelezwa sana haya, maana Kivumba chetu na Kidigo vimekaa ukuta kwa ukuta miaka na miaka mpaka maneno yanavuka bila kubisha hodi.

Sasa sikiliza vijineno. Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo wengi wanapopotea kwa kukimbilia majina ya vitu. Majina ya vitu huazimwa ovyo. Vijineno vinavyoshikanisha sentensi ni vigumu kuazima. Mbikol wa Legazpi akisema amenunua samaki atasema *Nagbakal ako nin sira*. Wa Masbate atasema *Nagbakal ako sin isda*. Kitenzi ni kilekile, kwa hiyo ukikishika hicho hutapata chochote. Tazama kilichokaa kabla ya samaki: *nin* kwa Kibikol, *sin* kwa Kibisaya cha Masbate. Samaki akiwa anajulikana ni yupi, Kibikol kitatumia *kan* na Kibisaya hicho *san*. Nyumba ya mwalimu: *harong kan maestra* kwa Legazpi, *balay san maestra* kwa Masbate. Ukizoea kunasa hiyo "s", unaweza kumtambua mtu akiwa anazungumza haraka na wewe huelewi hata robo ya habari. Samar Kaskazini nako wana *san* na *sin* hizohizo, ilhali Wawaray wa kusini zaidi, Tacloban na kwingineko, husema *han* na *hin*.

Baada ya hapo, msubiri akatae. Watu kwenye simu hukataa mara nyingi, hasa wakiombwa hela. Kibikol ni *dai*. Neno la kwanza nililolinasa mimi lilikuwa *dai ko aram*, sijui. Masbate husema *dili*, Gubat *diri*. Kitu kikiwa hakipo kabisa, Kibikol ni *mayo* na Masbate ni *wara*. Ukivuka Samar inakuwa *waray*, na watu wenyewe wamepata jina lao hapo.

Salamu zina faida yake, ila uziangalie vizuri. "Habari za asubuhi" kwa Kibikol ni *Marhay na aga*, kwa Masbate *Maayo na aga*, kwa Wawaray wa Tacloban *Maupay nga aga*. Ona Masbate: neno la uzuri ni la Kibisaya, lakini kiunganishi ni *na* kama Wabikol, wakati Wawaray hao wanasema *nga*. Ujirani ndio huo. Shukrani, *Dios mabalos*, usiitumie kama kipimo. Ni ya Kibikol lakini imeenea. Chakula ndiyo kabisa usikitegemee. Wote watatu hupika kwa tui na pilipili, na jikoni hakuna anayegombea neno.

Masbate ina tabu yake. Usidhani kila mtu wa kisiwa hicho anasema Kimasbate. Wa Esperanza, kusini-mashariki, huenda ni msemaji wa Kisebuano, na wa Balud, upande wa pili, wa Kihiligaynon. Ndiyo maana narudia: uliza mji.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Kwa aliyekuzidi umri anza na *Manay* kama ni mwanamke, *Manoy* kama ni mwanamume; kazini utasikia *ate* na *kuya*, lakini hizo ni za Kitagalogi. Halafu sema *Taga-diin ka?* kwa wa Masbate, au *Taga-saen ka?* kwa wa Legazpi. Usianze na Kitagalogi, kwa sababu watakujibu kwa hichohicho, tena kwa heshima, na hutatoka nacho. Hata ukiomba "niambie kwa lugha yenu", wa Gubat mara nyingine hukupa Kibikol cha Legazpi kwanza, akiona ndicho cha kumpa mgeni. Mwambie: hapana, vile unavyomwambia mama yako. Atacheka, kisha atakupa.

Andika maneno hayo safu tatu kwenye daftari, safu moja kwa kila mji, wala usiandike "Kibikol" juu ya ukurasa. Neno likiishia kwa sauti iliyokatwa ghafla kooni, weka alama, maana ukilivuta kama tunavyovuta sisi watakusikia vingine. Anza na *nin* na *sin*, kisha *kan* na *san*, kisha kukataa. Majina ya samaki yaache mpaka mwisho.