Kinasi imewaka ama imezimwa? Fuata hivi hatua kwa hatua

Madogo wa maabara hapa Mombasa huniuliza swali hili kila mwaka: kinasi (kimeng'enya cha kubandika fosfati kwa protini) nimeiona kwenye bloti (utando wa kuonyesha protini kwa kingamwili), bendi nzito kabisa, mbona seli haifanyi kitu? Manake kuwepo sio kufanya kazi. Binadamu tuna kinasi zaidi ya 500 na nyingi seli inazifunga mpaka wakati wake ufike. Shika karatasi na kalamu.

Hatua ya 1. Chora chaza amefunua kombe, bamba la juu dogo, la chini kubwa, umbo la kinasi ndio hilo. Katikati ndio ATP, molekuli ya nishati ya seli, inakaa, na kazi ya kinasi ni kuchukua fosfati moja ya hiyo ATP na kuibandika kwa protini nyengine, kwenye asidi amino zake za serini, thrionini ama tairosini. Sasa chora kitanzi hapo mdomoni. Kwa kinasi nyingi, kitanzi hicho kikipata fosfati kinajipanga sawa na kazi inaanza.

Hatua ya 2. Uliza nani ameikalia. Kinasi iitwayo PKA ndio rahisi kuanza nayo: vipande viwili vya kazi, viwili vya ulinzi vimevikumbatia. Adrenalini ikigonga seli ya ini, cAMP (molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe ndani ya seli) inapanda, kila mlinzi anashika mbili za hizo, anaachia vipande vya kazi, basi.

Hatua ya 3. Hapa ndo watu wanapotelea kwa hivyo twende polepole. Chukua CDK2, kinasi ya kugawanyika kwa seli. Peke yake haina nguvu, yangoja protini iitwayo saiklini ije iishike, na saiklini seli inaitengeneza na kuibomoa kwa zamu, yaani saa ya kugawanyika ndio hiyo. Lakini hata saiklini ikishafika bado, fosfati kwenye thrionini ya 160 (namba ni mahali pake kwenye mnyororo wa protini) inaiwasha, halafu fosfati kwenye tairosini ya 15 inaizima! Fosfati ni ile ile, mahali ndio tofauti. Kinasi WEE1 inaweka hiyo breki, CDC25, fosfatasi (kimeng'enya cha kubandua fosfati), inaitoa. Nakuomba sana usiandike kwa daftari "ina fosfati = imewaka", andika namba ya mahali kila mara.

Hatua ya 4. Tafuta anayebandua. Fosfatasi zinatoa fosfati muda wote, na ukishapasua seli hazikomi, zinaendelea kula ndani ya tyubu yako. Mimi nilipoteza sampuli za wiki nzima hivyo, maabara fulani nilikokuwa, mwezi wa pili, joto unalijua, barafu ikayeyuka nikiwa natafuta pipeti, protini yote ilikuwepo lakini alama ya fosfati hakuna hata kivuli, na nusura niandike kwamba dawa imezima kinasi wakati ni joto tu. Kwa hivyo weka barafu ndoo mbili, bafa iwe baridi tangu asubuhi, tia sodiamu ortovanadeti kwa fosfatasi za tairosini na sodiamu floraidi kwa zile za serini na thrionini, uzitie KABLA ya kupasua sio baada.

Hatua ya 5. Tumia kingamwili mbili, moja ya protini yote, nyengine ya fosfati ya mahali pale ulipoandika. Kwa CDK2 mimi hutaka tatu: ya protini yote, ya 160 na ya 15. Ukiona 160 ipo na 15 pia ipo, hiyo breki bado imeshikwa, rudi uangalie CDC25.