Kumpata amidi mpya katika chuo cha kihistoria cha Wamarekani Weusi: hesabu kwanza, tangazo baadaye

Provosti, yaani mkuu wa taaluma wa chuo, akishakupigia simu kukuomba uongoze kamati ya kumtafuta amidi, mkuu wa ndaki (kitivo), kila mtu atakuuliza tangazo linatoka lini. Waache waulize. Mimi nafundisha kemia katika chuo cha umma cha kihistoria cha Wamarekani Weusi, huku Kusini mwa Marekani. Kamati hizi nimezikalia kama mjumbe na kama mwenyekiti, na siku zote naanza kwa kuomba hesabu za ndaki: bajeti ya miaka mitatu iliyopita, ruzuku zilizopo na tarehe zake za kuisha, nafasi za walimu zilizo wazi, na ripoti ya mwisho ya ithibati. Ukijibiwa "tutakutumia", tangazo lisubiri.

Vyuo hivi si vyuo vya kawaida vilivyopungukiwa fedha kwa bahati mbaya. Sheria ya elimu ya juu ya 1965 inavitambua kuwa ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi, navyo ni takriban 100. Kumi na tisa kati yake vimo katika kundi la Sheria ya Morrill ya 1890, sheria ya fedha za shirikisho kwa vyuo vya majimbo, iliyoyaruhusu majimbo kutenga vyuo kwa rangi alimradi fedha zigawanywe kwa haki. Hazikugawanywa. Septemba 2023 serikali ya shirikisho iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kuwa vyuo hivyo katika majimbo yao vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 kati ya 1987 na 2020. Mtu wa nje husoma takwimu hiyo kama historia. Amidi huikuta maabara, kwenye kabati la kufyonza mvuke wa kemikali ambalo halijafyonza chochote tangu mkaguzi alipolibandika karatasi nyekundu. Mwombaji anastahili kuambiwa mapema.

Kwa hiyo tangazo liseme kazi ilivyo. "Kiongozi mwenye maono" ni maneno yanayoweza kubandikwa kwenye mlango wowote. Andika kwamba ithibati ya uuguzi inakaguliwa mwaka ujao, kwamba walimu kadhaa wa hisabati wanakaribia kustaafu, kwamba amidi atatumia muda mwingi kuzungumza na wafadhili na wahitimu wa zamani. Litakimbiza watu, na hao ndio wangeondoka baada ya mwaka mmoja. Lipeleke kwenye majarida ya elimu ya juu, Chronicle of Higher Education na The EDU Ledger (zamani Diverse: Issues In Higher Education), kisha ushike simu. Waombaji wazuri wengi tayari wana kazi na hawasomi matangazo. Kampuni za kutafuta viongozi hutoza mara nyingi kama theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Mimi nazikubali chuo kinapojaza nafasi kadhaa kwa pamoja, vinginevyo fedha hiyo naiona ina matumizi bora.

Kamati iwe na walimu wengi wa ndaki husika, mwanafunzi mmoja au wawili, mhitimu, na mfanyakazi wa ofisi ya ruzuku, ambaye husahaulika mno ilhali ndiye anayejua nani huwasilisha ripoti kwa wakati. Tamko la uongozi wa vyuo la AAUP, chama cha maprofesa wa Marekani, la 1966 linasema uteuzi wa maamidi ni wajibu wa rais wa chuo kwa ushauri wa walimu. Mpaka huo provosti auandike kwenye barua: anataka majina mangapi, yapangwe kwa daraja au hapana, na je, kaimu amidi anaruhusiwa kuomba? Hili la kaimu lisipoamuliwa kabla ya tangazo, waombaji wa nje watadhani mshindi ameshajulikana na hawatajisumbua.

Kuhusu rangi, usidanganywe na jina la chuo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kuajiri kwa kubagua rangi, jinsia, dini au asili ya taifa, na vyuo vyetu vimo ndani yake. Unachoweza kupima ni kazi: amewahi kuwafundisha wanafunzi ambao ndio wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu? Anajua ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, inapochelewa mwanafunzi huishi vipi? Maswali yawe yaleyale kwa wote. Na sisi wenye lafudhi ya Kiswahili tutege sikio pale mjumbe anapojisemea tu kwamba "wanafunzi hawatamwelewa" mwombaji fulani. Namwomba anitajie sentensi ambayo yeye mwenyewe hakuielewa. Hadi leo hakuna aliyeitaja.

Raundi ya kwanza ya usaili kwa Zoom inatosha. Wanaobaki waje chuoni siku mbili, na hapo toa karatasi moja ya bajeti yenye namba halisi, majina yamefutwa. Mpe mwombaji dakika ishirini peke yake, kisha mwambie aieleze. Wengine hurudi kwenye hotuba yao. Mmoja aliweka kidole kwenye mstari wa mishahara akauliza: "Hawa watatu wanalipwa na ruzuku inayoisha Septemba. Oktoba watalipwa na nani?" Mezani kukawa kimya. Dakika ile ilinifaa kuliko barua zake zote za mapendekezo.

Mkutano na wanafunzi usiuweke saa za vipindi ukumbi ukabaki mtupu. Na wewe kaa nyuma, tazama kama mwombaji anajibu swali aliloulizwa au analikwepa kwa sifa za chuo.

Unapopiga simu za kuulizia, omba idhini ya mwombaji ili uvuke orodha yake ya wadhamini, kisha zungumza na katibu muhtasi aliyefanya kazi naye. Maprofesa husifiana kwa adabu. Katibu muhtasi ataeleza nani hutia saini fomu siku hiyohiyo na nani huzilundika hadi mhula uishe.

Lililobaki ni uongozi wa juu wenyewe, nao sijui kamati inayoupima vya kutosha. Mwanasheria Charles Hamilton Houston alipokabidhiwa shule ya sheria ya Howard, chuo cha kihistoria cha Weusi kilichopo Washington, mwaka 1929 kwa cheo cha naibu amidi, alifunga masomo ya jioni ili shule ipate ithibati, uamuzi uliowakera wengi waliokuwa wakisoma baada ya kazi. Rais wa Howard, Mordecai Johnson, alikuwa nyuma yake, ithibati ikaja 1931, na Thurgood Marshall, baadaye jaji Mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akahitimu hapo 1933. Howard hiyohiyo, mwaka 1969, ilimpata Patricia Roberts Harris, mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza shule ya sheria nchini humo. Aliondoka baada ya takriban mwezi mmoja, alipokosa kuungwa mkono na uongozi katika mgogoro na wanafunzi. Basi mpatie mteule saa moja na rais bila kamati, na ahadi zitakazotolewa ziingie kwenye barua ya ajira: mkataba wa miezi 12, fedha za kuanzia, idadi ya walimu atakaoruhusiwa kuajiri, na haki ya kurudi kufundisha akiacha uamidi. Ajira ya kudumu hupigiwa kura na idara, kwa hiyo iarifu idara mapema isije ikakutwa likizo.

Chuo kikiteua maamidi watatu au wanne pamoja, wote huelekea kuanza Julai 1, mwaka wa fedha unapofunguka. Inapendeza kwenye picha ya gazeti la chuo, lakini ifikapo Agosti hakuna amidi wa zamani wa kumuuliza fomu ipi inaenda wapi. Bora mmoja aanze Januari, au kaimu mmoja abaki mhula mzima akilipwa kwa kazi hiyo.

Kabla taarifa haijatoka, wapigie simu waliofika fainali wakakosa, kwa sauti yako mwenyewe, si kwa barua pepe ya ofisi ya ajira. Kaimu amidi umwambie ana kwa ana, kabla ya wote.