Mgomba hauna mbegu, kwa hiyo angalia sana chipukizi unalopanda

Ndizi pori za huko Asia zina mbegu kibao, nyeusi na ngumu, nyama ya kula unaitafuta. Za kwetu hazina, na sababu iko ndani ya seli. Mgomba pori una seti 2 za kromosomu (vijiuzi vinavyobeba urithi), jumla 22, ila matoke, mkono wa tembo na zile ndefu za supamaketi zina seti 3, yaani 33. Sasa ua likitaka kutengeneza chavua au yai kromosomu lazima zipangane mbili mbili halafu ziachane, hii ya tatu haina mwenzake, hesabu inavurugika na mbegu haitungi. Tunda linajaa lenyewe bila kuchavushwa. (Mchare wa Kilimanjaro una seti 2 tu na bado hauna mbegu, ndizi nazo zina mambo yao.)

Hiyo seti ya ziada ina raha yake, mara nyingi mmea unakua na nguvu, majani mapana. Shida ni kwamba chipukizi ni mgomba ule ule wa mama yake, akiwa na fukusi (mdudu anayetoboa tunguu, lile shina la chini ya udongo), minyoo fundo ya mizizi au unyanjano (ugonjwa wa bakteria unaonyausha mgomba) unabeba vyote ukidhani umepewa mche wa bure.

Kwa hiyo usichukue chipukizi kwenye shamba lenye unyanjano hata kama ni la shemeji. Chagua lenye majani membamba kama upanga, yale yenye majani mapana tangu madogo huwa dhaifu. Likate mizizi yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe, ukiona vijia vyeusi vya fukusi vinaingia ndani tupa, kisha zamisha kwenye maji yanayochemka sekunde 30 tu. Hiyo inaua mayai ya fukusi na minyoo, unyanjano haiugusi kabisa msije mkadanganyana. Mwenye hela anunue miche ya maabara, inatoka bila fukusi wala minyoo.

Unyanjano unazuiwa shambani. Chane la mwisho likishatoka vunja ua dume, maana wadudu wanaofuata utomvu wa pale wanabeba bakteria. Tumia kijiti chenye panda, sio panga, nalo linaambukiza. Panga lipitishe motoni au kwenye maji ya jiki kabla ya kuhamia shina lingine.

Ndizi aina ya FHIA-17 ina seti 4 za kromosomu, mkungu wake mzito balaa, weka nguzo mapema kabla upepo haujakuwahi.