Ukurasa wa kushoto ni wao: jinsi ya kusomea maendeleo ya jamii na kazi ya vijana

Kabla hujawaza kompyuta wala viatu vya kuendea chuo, nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Ukiwa nyanjani, kwenye ukurasa wa kushoto andika ulichokiona na ulichokisikia, kwa maneno yale yale ya aliyesema, hata yakiwa ya Kijaluo au Sheng. Ukurasa wa kulia ni wako: unachodhani, kilichokukera, swali ulilosahau kuuliza. Nilisomea maendeleo ya jamii miaka minne, na huu ni mwaka wa tisa nikifanya kazi na vijana hapa Kisumu. Nina madaftari 31 ndani ya sanduku chini ya kitanda, na hakuna kitabu cha chuo kilichonifaa kuliko hayo.

Nakuandikia wewe uliyemaliza kidato cha nne huku kwetu, uwe Kisumu, Siaya, Kakamega au Nakuru, na moyo wako uko kwenye kazi ya kukaa na watu. Utaulizwa, "Hiyo kozi ni ya kufanya nini?" Mjomba wangu aliniuliza hivyo mbele ya wageni nikakosa la kusema. Leo ningemjibu hivi: nasomea kuwasaidia watu wakae chini, wataje tatizo lao wenyewe, wapange la kufanya, na walisimamie hata siku nisiyokuwepo.

Kwenye kuchagua kozi sitakuweka sana. Shahada hudai alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE, diploma C-, na nafasi za serikali hupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo. Ukikosa C+ usikate tamaa, maana wenzangu wawili walianza na diploma, wakafanya kazi kidogo, kisha wakaingia shahada wakiwa wanajua mambo kuliko sisi tuliotoka shule moja kwa moja. Usifuate jina la kozi peke yake. Egerton, pale Njoro, wana idara nzima ya maendeleo ya jamii. Kwingine masomo haya haya utayakuta chini ya ustawi wa jamii, sosholojia au masomo ya maendeleo. Kwa hiyo omba orodha ya masomo ya miaka yote minne, utafute humo mafunzo ya nyanjani na uhesabu ni wiki ngapi. Kozi isiyokutoa darasani mpaka mwaka wa mwisho, mimi nisingeichukua. Angalia pia kama kuna somo la kazi ya vijana, la ushauri nasaha, la kusimamia miradi, na la takwimu.

Takwimu usizikimbie. Najua wengi huchagua kozi hii wakidhani wameiaga hesabu. Chukua steji yenye waendesha boda 20. Kumi na tisa wanarudi nyumbani na shilingi 300 kwa siku, na mmoja mwenye pikipiki kadhaa anapata 6,000. Ukijumlisha na kugawanya, wastani wao ni shilingi 585. Ofisa akisoma 585 kwenye ripoti yako atasema vijana wa steji hiyo wana afadhali, ilhali hakuna hata mmoja wao anayepata 585. Ukiwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu ukamtazama wa katikati, unapata 300, na hapo ndipo maisha yao yalipo. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo ataandika uongo bila kukusudia, na kuna watu watanyimwa kitu kwa sababu ya ukurasa wake.

Hata neno "kijana" lenyewe lina hesabu yake. Katiba yetu ya 2010 inamtambua kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake huhesabu 15 hadi 24, na mkataba wa vijana wa Afrika wa 2006 unasema 15 hadi 35. Msichana wa miaka 16 anayeuza mandazi mtaa wa Manyatta ni kijana kwa mahesabu mawili, na kwa sheria ya Kenya ni mtoto. Ukimwingiza kwenye utafiti wako unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na yake mwenyewe. Amua mapema unamzungumzia nani, uandike umri huo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kazi.

Sasa nije kwenye kuingia mtaani, ambako ndiko nilikoumia na ndiko nilikojifunza.

Mwaka wa pili nilitumwa mtaa wa Nyalenda na hojaji ya kurasa saba, maswali 42. Nikawakuta vijana wamekaa ukutani karibu na steji, nikajitambulisha kwa haraka, nikaanza kuuliza. Nilipofika swali la tisa, mmoja wao akaniambia, "Madam, wewe ni wa nne mwezi huu. Wale watatu waliandika nini?" Sikujua. Hakuna aliyewahi kurudi kuwaambia. Nilimaliza maswali kwa sababu nilihitaji alama, wao wakanijibu ili niondoke, na majibu yale hayakuwa na thamani yoyote. Usiku nilijaza ukurasa mzima wa kulia kwa aibu. Upande wa kushoto nilikuwa na sentensi moja tu, ile ya yule kijana.

Kwa hiyo fanya hivi. Beba barua ya chuo, uanzie kwa chifu au naibu wake, kisha mzee wa mtaa. Usimtumie ujumbe mzee, nenda umsalimie kwake. "Jaduong', nimekuja kujitambulisha," halafu unyamaze akuulize ukoo wako na kwenu ni wapi. Hiyo nusu saa usiione ni hasara, maana ukishatambulika kwake, mtaa mzima utajua umefuata nini. Waone pia wahamasishaji wa afya ya jamii, kwa sababu wao huingia nyumba baada ya nyumba na wanajua ni mlango upi una njaa.

Kisha kaa bila kuuliza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipoenda mara ya pili niliomba jembe kweli. Vijana wale wale walikuwa wanazibua mtaro kabla ya mvua za Machi, maana mto Auji ukijaa, maji huingia hadi vitandani. Nilichimba nao asubuhi mbili. Kwenye mtaro nilisikia habari za mikopo ya simu, za polisi, za msichana aliyeacha shule, za kocha anayewanunulia mpira kwa pesa yake. Hayo yote hayakuwamo kwenye maswali yangu 42.

Wakikuuliza "Utatuletea nini?" usizungukezunguke. Sema, "Mimi ni mwanafunzi, sina pesa wala mradi. Nitawaletea nilichoandika, tukisome pamoja." Wengine wataondoka, na ni haki yao. Pesa ya soda usiahidi kama huna.

Fuata saa zao. Waendesha boda hawana nafasi alfajiri wanapopeleka watu kazini na watoto shuleni, lakini kuanzia saa nne hivi utawakuta wametulia kwenye vivuli. Wanaouza soko la Kibuye usiwaguse Jumapili, hiyo ndiyo siku yao kubwa ya soko. Wasichana usiwasubiri uwanjani, kwa sababu saa ya mpira wao wanateka maji na kupika. Ukiitisha mkutano saa kumi jioni uwanjani kisha ukaandika "vijana walisema", ujue umewasikiliza wavulana peke yao.

Darasani utafundishwa mbinu shirikishi: ramani ya kijiji, matembezi ya kukatiza mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho, kalenda ya misimu, kupanga matatizo kwa uzito. Utasoma habari za Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa wa utawala Maralal, hapa hapa Kenya, ambaye baadaye alitumia miaka mingi kuwahimiza wataalamu wamkabidhi mwanakijiji fimbo ya kuchorea. Mbinu hizo hazihitaji vifaa. Nikiwa mwaka wa tatu, pale ufuo wa Dunga, akina mama wanaoanika omena walichora mistari 12 mchangani, mmoja kwa kila mwezi. Mawe yakawa pesa inayoingia, mbegu za mahindi pesa inayotoka, majani yakawa ugonjwa. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika upande wa kulia: "Wazazi huku hawathamini elimu ya wasichana." Walipomaliza kuchora, kuanzia Aprili hadi Julai hapakuwa na mawe karibu yoyote, kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa miezi hiyo samaki wazaane. Kwenye miezi hiyo hiyo kulikuwa na majani mengi, yaani malaria ya mvua, na mbegu nyingi, yaani karo ya muhula wa pili. Wasichana waliacha shule Mei. Nilikata sentensi yangu ya kulia kwa kalamu nyekundu, na bado naonyesha ukurasa ule kwa wanafunzi wanaokuja kwangu.

Kwa kazi ya vijana hasa, jifunze vizuri ngazi ya ushiriki ya Roger Hart, iliyochapishwa na UNICEF mwaka 1992. Ina vipandio vinane. Vitatu vya chini si ushiriki kabisa: kutumiwa, kufanywa mapambo, na kuwekwa kwa jina tu. Nikiwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye shirika moja mjini, tuliwavisha vijana 60 fulana, wakaimba, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani bila kujua sherehe ilihusu nini. Wakati ule nilifurahi kuona uwanja umejaa. Kumbe Hart alikuwa ameshataja fulana na nyimbo hizo hizo kwenye kipandio cha pili. Tangu hapo, kabla ya shughuli yoyote, najiuliza: wazo lilikuwa la nani, nani ameona bajeti, na vijana wakisema hapana itakuwaje? Wewe nawe jiulize hayo ukiwa bado mwanafunzi, na ripoti yako ya atachimenti iyajibu kwa ukweli. Mhadhiri mzuri atakupa alama kwa hilo.

Kuna jambo ambalo halisubiri mtihani. Ipo siku mtoto atakuambia anaumizwa nyumbani, au mzee fulani wa ufuoni anamdai mwili wake ili mama yake apate samaki. Usimwahidi kwamba utaficha, kwa maana hutaweza. Mwambie unamwamini, mwambie utamtafutia mtu wa kumsaidia na ni nani, kisha nenda ofisi ya watoto, au dawati la jinsia la polisi, au piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa. Siku hiyo hiyo mwarifu msimamizi wako. Jina la mtoto lisiingie kwenye daftari, kushoto wala kulia. Mimi hutumia herufi ambazo si zake.

Masomo ya ofisini nayo yana faida yake. Ukiweza kukisaidia kikundi kuandika katiba fupi, kutunza kumbukumbu za mkutano na kuandikishwa kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, utahitajika popote uendako. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Bila cheti hicho, milango ya mikopo ya serikali kama Uwezo Fund hufungwa. Nenda na kikundi kimoja safari nzima, kuanzia mkutano wa kwanza hadi akaunti ya benki, na uandike kila walipokwama. Vikundi vingi nilivyoviona vikivunjika vilivunjika kwa sababu mtu mmoja alikuwa mweka hazina, katibu, na mwenye simu ya M-Pesa.

Mradi wa mwaka wa nne uanze kuufikiria mwaka wa tatu ukiwa atachimenti, na uchukue swali kutoka ukurasa wa kushoto. Ulizia mapema chuoni kuhusu idhini ya maadili ya utafiti na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kwa sababu karatasi huchelewa. Halafu, kabla hujajalidi kazi yako, irudishe.

Mimi nilirudi Dunga na karatasi ya manila niliyoichora kalenda ile kwa kalamu za rangi. Niliibandika kwenye ukuta wa banda la samaki. Walikuja akina mama 11 na mabinti wanne. Nikaeleza kwa Kijaluo changu cha mjini, mwezi baada ya mwezi, na nilipofika Julai nikasema dhiki inaishia hapo, maana uvuvi unafunguliwa. Mama mmoja, mkubwa kuliko wote, akainuka, akaweka kidole chake chenye magamba juu ya Agosti. "Hapa pia," akasema. "Agosti omena inarudi, lakini inakwenda kwa tuliokopa Julai. Msichana wangu alirudi shuleni Septemba, si Agosti." Wenzake wakaitikia kwa sauti moja.

Nilikuwa nimebakiza siku nne kuwasilisha kazi. Nikafungua daftari, upande wa kushoto, nikamwomba aseme tena polepole.