Unataka masta ya biostatistiki (takwimu za afya na tiba)? Anza na hesabu, skolashipu baadaye

Watu wengi wanahangaika na skolashipu kwanza, afu wakishapata chuo ndo wanakuta muhula wa kwanza ni kalkulasi na matriki tupu. Kama umetokea udaktari, uuguzi au afya ya jamii, jipe hata mwaka upige kalkulasi (integresheni hasa), aljebra ya matriki na probabiliti. Aliyetoka hisabati huko yuko poa, ila yeye akasome epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa kwenye jamii na yanavyochunguzwa), maana mtu anaweza kukokotoa fomula zote na bado hajui data imetoka wapi.

Softiwea anza na R, ni ya bure. Stata nzuri na miradi mingi ya utafiti wanaitumia, ila leseni yake ni pesa ndefu. Ukishapata R fungua pakeji ya survival, humo kuna data inaitwa lung, wagonjwa 228 wa saratani ya mapafu huko Marekani. Icheki kolamu ya status: 2 ndo aliyefariki, 1 ni yule ambaye mara ya mwisho kuonekana alikuwa bado hai. Sasa ukipiga wastani wa siku walizoishi kichwakichwa umeshaharibu, kwa sababu 63 kati yao hatujui waliishi mpaka lini. Chora mstari wa Kaplan-Meier (unaonesha sehemu ya wagonjwa walio hai kadri siku zinavyokwenda, na unawahesabu hata hao 63), tenga jinsia, utaona kwa makadirio nusu ya wanaume wamefariki kufikia siku ya 270, wanawake siku ya 426. Halafu andika aya moja ya kumweleza daktari asiyependa takwimu hiyo inamaanisha nini, bila kutaja p-value (ile namba ya kupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu). Hiyo aya ni ngumu kuliko kuandika zile amri za R zenyewe na ndo utakayolipwa kuiandika.

Chuo angalia masomo yaliyomo, jina baadaye. Kuna uchambuzi wa muda wa kuishi? Data zilizokosekana? Majaribio ya dawa? Hasselt kule Ubelgiji wanasifika kwa data za kumfuatilia mtu yuleyule muda mrefu, London School of Hygiene na Wits ya Afrika Kusini nao wapo.

Wakati unasubiri majibu tafuta kazi ya data, hata ya kuingiza fomu tu, kwenye taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara na NIMR za Tanzania au KEMRI kule Kilifi, Kenya. Utakutana na mtoto wa miezi nane ana kilo 85, na hapo usijifanye mjanja ukaweka nukta mwenyewe, rudisha swali kwa aliyejaza fomu na uandike nani kabadilisha nini na lini. Omba pia uoneshwe mpango wa uchambuzi wa mradi, ule unaoandikwa kabla data haijafunguliwa.

Barua za referii omba mapema, na kila unayemwomba mtumie sivii pamoja na ile skripti yako ya lung (faili la amri za R ulizoandika), awe na kitu cha kuandika zaidi ya "ni mwanafunzi mwenye bidii".