Somo: Kuchagua Mtindo wa Kufunga Mnyoo wa Plastiki kwa Uvuvi wa Besi

Samaki anayezungumzwa katika somo hili ni besi mdomo-mkubwa (kwa Kiingereza largemouth bass), yule anayejibanza kwenye magugu na visiki akivizia chochote kipitacho mbele yake. Nimeamua kumwandika «besi», kwa kuwa nikimwandika «basi» yupo atakayedhani tunaelekea stendi.

Minyoo ya plastiki laini, yaani chambo bandia chenye umbo la mnyoo, ilianza mwaka 1949, Nick Creme wa mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, alipoitengeneza, na hadi leo wanaoanza uvuvi huu huniuliza kwanza habari za rangi. Mimi huanza na swali jingine: ndoana yako itapita wapi? Mahali itakapopita ndipo panapoamua mtindo wa kufunga, na rangi huja baadaye sana.

Hatua ya 1: Ipime sakafu ya maji

Funga chubwi, yaani kile kizito kinachozamisha mshipi, peke yake bila ndoana, litupe, kisha livute polepole huku kidole kikigusa mshipi. Penye changarawe utasikia mtetemo mfupi mfupi unaopanda hadi kwenye fimbo. Penye tope chubwi huwa zito, kama linanyonywa. Magugu hulishika kwa ulaini, yakanyumbuka kidogo, kisha yakaliachia, ilhali kisiki hulisimamisha ghafla. Dakika 10 za kazi hii zitakuokolea ndoana nyingi.

Hatua ya 2: Chagua mtindo

Penye magugu au miti iliyozama, tumia mtindo wa Texas, ambao ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase. Ukiwa hujui uchague upi, chagua huu.

Sakafu ikiwa wazi na pana, nawe hujui samaki wako upande gani, mtindo wa Carolina utakusaidia kupekua eneo kubwa kwa muda mfupi. Chubwi la gramu 14 hadi 28 hutangulia pamoja na ushanga, hufuatiwa na swiveli (kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka), na mnyoo huja nyuma kwenye kipande cha mshipi chenye urefu wa sentimita 45 hadi 90, ukielea kana kwamba haujui kilicho mbele yake.

Katika maji ya kina kifupi yaliyotulia, hasa samaki wanapokuwa na wasiwasi, mtindo wa waki hauna mpinzani kwa maoni yangu. Mnyoo mnene, ulionyooka, hutobolewa katikati, ukaachwa uzame bila chubwi huku ncha zake mbili zikitikisika. Hata hivyo ndoana yake iko wazi, kwa hiyo usiupeleke kwenye magugu mazito.

Samaki wakiwa kwenye kina kirefu na wameelea kidogo juu ya sakafu, funga dropshoti, yaani chubwi likae mwisho wa mshipi na ndoana ikae sentimita 20 hadi 45 juu yake. Kwa sakafu ngumu yenye samaki waliokwisha kuchoshwa na chambo kubwa, upo mtindo wa Ned: kipande cha mnyoo cha sentimita 7 hivi kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi kilichoumbwa kama uyoga.

Hatua ya 3: Linganisha ndoana na chubwi

Kwa mnyoo wa sentimita 15 hadi 18 unaofungwa kwa mtindo wa Texas, ndoana ya namba 3/0 (namba ya mbele ikiwa kubwa, ndoana ni kubwa) yenye kiwiko, yaani mkunjo, karibu na tundu la kufungia mshipi inatosha. Mnyoo wa sentimita 25 unahitaji 5/0. Katika maji yasiyozidi mita 3, anza na chubwi la gramu 5 hadi 7, uongeze uzito upepo unapokuwa mkali au kina kinapozidi. Kanuni yangu ni kutumia chubwi jepesi kabisa ambalo bado linaniwezesha kuisikia sakafu. Tangsteni ni ghali kuliko risasi, lakini ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule, hivyo chubwi lake ni dogo na hupenya magugu kwa urahisi.

Hatua ya 4: Vika mnyoo

Hapa nitakwenda taratibu, kwa maana makosa mengi ya mtindo wa Texas huzaliwa hapa.

Pitisha mshipi kwenye chubwi, upande mwembamba ukielekea kwenye fimbo, kisha funga ndoana kwa fundo la Palomar, ambalo hufungwa kwa mshipi uliokunjwa mara mbili, na ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Choma ncha katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie nusu sentimita au zaidi kidogo, halafu uitoe ubavuni. Vuta ndoana hadi kiwiko kizame kichwani, kisha uizungushe ili ncha iutazame mwili wa mnyoo.

Sasa acha mnyoo uning'inie kando ya ndoana na utazame mahali pindo la ndoana, yaani sehemu yake iliyopinda, linapogusa. Weka ukucha hapo. Ukikunja mnyoo kidogo, ingiza ncha palepale penye alama ya ukucha, ipite moja kwa moja hadi itokeze upande wa pili, kisha vuta ngozi nyembamba ya plastiki iifunike.

Mnyoo unapaswa kunyooka kama rula. Ukipinda, utazunguka kila unapouvuta na kuusokota mshipi wote. Niliwahi kuilaumu rili yangu (kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo) asubuhi nzima kwa mshipi uliojisokota, kumbe nilikuwa nimechoma ndoana milimita 5 nyuma ya mahali pake.

Hatua ya 5: Tupa na usikilize

Mara nyingi besi huuma chambo kikiwa bado kinazama, kwa hiyo tazama mshipi tangu unapogusa maji. Ukisikia mguso mdogo, au ukiona mshipi unakwenda pembeni wakati hakuna upepo, kaza mshipi uliolegea na uvute fimbo kwa nguvu ili ncha ipasue plastiki. Kwa waki na dropshoti usivute kwa kishindo. Zungusha rili hadi uzito wa samaki usikike.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mnyoo wangu huteremka kwenye ndoana kila ninapotupa. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Kichwa cha mnyoo kimechanika. Kata nusu sentimita ya mbele uvike upya, au weka tone la gundi kali kwenye kiwiko kabla ya kukizamisha.

Swali: Kaka, ni lazima chubwi lizuiwe lisiteleze?

Jibu: Si lazima. Kwenye magugu mazito lizuie kwa kizuizi cha mpira au ncha ya kijiti cha meno, ili chubwi na mnyoo vipenye pamoja. Kwenye maji ya wazi liache huru, mnyoo uzame kwa ulaini nyuma yake.

Swali: Naheshimu hoja yako, lakini rangi hukuitaja kabisa.

Jibu: Umenikamata, ndugu yangu. Kwa maji maangavu tumia kijani cha majani makavu au kahawia. Kwa maji machafu, nyeusi au nyeusi yenye buluu, ambayo huonyesha umbo vizuri zaidi. Rangi moja kwa kila aina ya maji inatosha kuanzia.

Swali: Nasikia wakiuma, nikivuta narudi na mnyoo uliokatwa mkia. Ndoana ni ndogo?

Jibu: Mkia ukikatika, huenda samaki ameshika nyuma tu, mbali na ndoana, au ni mdogo. Jaribu mnyoo mfupi zaidi kabla ya kubadilisha ndoana. Lakini mnyoo ukirudi mzima huku ncha ikiwa bado imefichwa, hapo tafuta ndoana yenye pindo pana zaidi.

Swali: Kwa mtindo wa waki ninamaliza pakiti nzima kwa siku moja, mwalimu.

Jibu: Vika pete ndogo ya mpira katikati ya mnyoo na upitishe ndoana chini ya pete, badala ya kuutoboa mwili. Minyoo iliyochanika irudishe mfukoni, usiitupe majini, maana plastiki hiyo haiozi na samaki huimeza.