Namna ya kupitia sheria iliyokwisha kupitishwa: mfano wa lumbesa

Rais akishasaini muswada, watu huhesabu kwamba kazi ya Bunge imeisha. Imebaki nusu: kurudi baada ya miaka kadhaa kuangalia kama sheria inafanya kile ilichotungiwa. Msingi upo katika Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania, inayolipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Mwongozo huu ni wa makatibu wa kamati, watafiti na asasi zinazotaka hoja yao isikilizwe Dodoma. Mfano wetu ni lumbesa, lile gunia la mazao lililojazwa kupita mdomo wake na kuvishwa kilemba. Sheria ya Vipimo na kanuni zake zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa bado ipo.

Chagua sheria yenye umri unaofaa. Uingereza wizara hutoa taarifa ya utekelezaji kati ya mwaka wa 3 na wa 5 tangu sheria ipitishwe, na kipimo hicho kinafaa hata huku. Ukiwahi mno, kanuni, yaani sheria ndogo za kuitekeleza, hazijatoka. Ukichelewa, waliohusika wameshastaafu. Kenya, tangu sheria yao ya mwaka 2013, kanuni hufa yenyewe baada ya miaka 10 isipohuishwa. Kwetu haifi hadi aje wa kuifuta, ndiyo maana unakuta tozo za zamani zimelala ndani ya vitabu zikisubiri mtoza ushuru mgeni.

Kusanya karatasi kabla ya kusikiliza maoni ya mtu yeyote. Tumia Toleo la Urekebu la 2023, yaani mkusanyo wa sheria zote uliohuishwa, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Namba za vifungu vingi zimehama, kwa hiyo ukinakili kifungu kutoka toleo la 2002 au taarifa ya zamani, mwanasheria wa wizara atakukatiza kwenye ukurasa wa kwanza. Tafuta pia muswada wenyewe, maana mwishoni mwake kuna maelezo ya madhumuni na sababu, pamoja na Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku uliposomwa mara ya pili. Hapo ndipo Waziri alipoahidi. Angalia na hukumu za mahakama. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilionekana kukiuka Katiba, Mahakama Kuu mwaka 2016, Rufani mwaka 2019. Hukumu ya namna hiyo ni ushahidi mzito kuliko hojaji mia.

Kisha chora jedwali la safu tano: kifungu, anayeamriwa, anachotakiwa kufanya, muda aliopewa, ushahidi kwamba amefanya. Pita kifungu kwa kifungu. Tenganisha "anaweza" na "atafanya": la kwanza ni hiari, la pili ni amri. Kosa la kawaida ni kumlaumu Waziri kwa kutotengeneza kanuni ambazo sheria ilimwachia hiari. Safu ya tano ndiyo itakayokuchosha, na ndiyo itakayobaki na matundu.

Kanuni zinataka siku zake peke yake. Sheria nyingi haziharibikii kwenye vifungu vilivyojadiliwa Bungeni, zinaharibikia kwenye kanuni zinazotolewa kwa Tangazo la Serikali ambalo hakuna mbunge aliyelijadili. Sheria ya Tafsiri ya Sheria inataka kanuni ziwekwe mezani Bungeni ndani ya siku 6 za vikao baada ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na Bunge linaweza kuzikataa kwa azimio. Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua. Nawe tafuta yaleyale: adhabu inayozidi ile ya sheria mama, rejea ya kifungu kisichokuwepo, sheria ndogo ya halmashauri iliyonakiliwa kwa jirani bila kuhaririwa. Kanuni inayopingana na sheria mama ni batili kwa kiwango cha mgongano huo.

Halafu soma sheria jirani. Hapa lumbesa inafundisha. Ushuru wa mazao unatozwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Ni asilimia ya bei. Lakini kwenye kizuizi cha ushuru ikihesabiwa idadi ya magunia, mnunuzi ana kila sababu ya kushindilia: gunia likiwa kubwa, ushuru kwa kilo unapungua, na usafiri vivyo hivyo. Ukiisoma Sheria ya Vipimo peke yake utapendekeza faini kubwa zaidi, na utakosea.

Nenda soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kati ya Juni na Agosti wakati mahindi yameingia sokoni. Februari utahoji mabanda matupu. Usiende na msafara, maana habari zikitangulia vilemba vyote vitafunguliwa usiku. Pima magunia yasiyopungua 30 kwa mizani iliyohakikiwa, ukiandika uzito na kiasi kilicho kwenye stakabadhi ya ushuru. Mhoji mkulima, dalali, kuli, mtoza ushuru na mkaguzi wa vipimo, kila mmoja peke yake. Mkulima akikaa mbele ya dalali atasema hali ni nzuri.

Taarifa ipangwe kwa mafungu manne: yanayohitaji kubadili sheria, kubadili kanuni, kusimamia tu, na kutenga fedha. Kila pendekezo litaje kifungu, ofisi na tarehe. "Serikali iboreshe usimamizi" ni pendekezo ambalo hakuna atakayelijibu.

Usilete taarifa kati ya Aprili na Juni, kamati zikiwa zimezama kwenye bajeti. Lakini zisome taarifa za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinapowekwa mezani Aprili, hasa za ukaguzi wa ufanisi. Na kama dawa uliyoiona inagusa ushuru, kumbuka Ibara ya 99: Bunge halishughulikii kodi mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia Waziri. Muswada binafsi wa mbunge hautakufikisha. Lipeleke Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla ya bajeti. Ukilifikisha Juni, Muswada wa Fedha umeshaandikwa.